Shule ya Nje: Maana Yake, na Nafasi ya Majira ya Vuli

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu "anayesoma nje" ni yule aliyepanda ndege kwenda India, Uturuki au Ulaya kutafuta shahada. Shule ya nje inayoelezwa hapa ni jambo jingine kabisa, na "nje" yake ni ile ya nje ya kuta. Ni mpango ambao wanafunzi huondoka madarasani pamoja na walimu wao, wakaishi kwa siku kadhaa msituni au kando ya mto, na sehemu ya masomo yaliyomo katika muhtasari wao, hasa ya sayansi, wakaisomea hukohuko kwa vitu wanavyoweza kuvishika. Haifai kuichanganya na ziara ya kimasomo tuliyoizoea, ambapo basi hufika mbugani asubuhi, wanyama wakatazamwa kupitia dirishani, na jioni kila mtoto akawa kwao. Ziarani mtoto huonyeshwa. Katika shule ya nje huchimba, hupima, huhesabu, huandika, na kesho yake hurudi palepale kuangalia kama alichokiandika jana bado ni kweli.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Mpango huo ulianza katika kaunti ya Multnomah, uliko mji wa Portland, mwaka 1966, na kwa miongo mingi uliwahusu wanafunzi wa darasa la sita. Ulipanuka na kusinyaa kwa kufuata hali ya bajeti, hadi Novemba 2016 wapiga kura wa jimbo zima walipopitisha hoja iliyoagiza kwamba sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo, isiyozidi asilimia 4 wala dola milioni 22 kwa mwaka, itumike ili kila mwanafunzi wa darasa la tano au la sita apate wiki moja ya shule ya nje au mafunzo yanayolingana nayo. Kazi ya kusimamia fedha hizo ilikabidhiwa idara ya ugani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon. Kwamba watu walikubali pesa ya kamari iende kufundisha watoto habari za udongo ni jambo ambalo binafsi naliona la kupendeza.

Kwa desturi iliyozoeleka katika kambi za Multnomah, mafunzo hugawanywa katika maeneo manne: udongo, maji, mimea na wanyama. Wasaidizi wakuu ni wanafunzi wa sekondari wanaojitolea, ambao hulala na watoto katika mabanda na huitwa kwa majina ya kambini, mara nyingi ya miti, ndege au mito, badala ya majina yao halisi. Kila mtoto huvaa shingoni kipande cha tawi kilichokatwa mviringo, kimeandikwa jina lake.

Mpango huu hufanyika pia katika majira ya kuchipua, lakini vuli ina mambo yake. Hapa neno lenyewe linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, na kulitumia kwa majira ambayo majani hupukutika huko kaskazini ni kulinyoosha. Kwa Oregon ya magharibi, hata hivyo, neno limekaa mahali pake: kiangazi cha huko ni kikavu, na mvua hurejea karibu na Oktoba, wakati uleule majani yanapobadilika rangi.

Badiliko hilo la rangi ni somo kamili. Siku zinapofupika, mti huanza kukusanya akiba: klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayonasa nuru, huvunjwavunjwa, na sehemu kubwa ya naitrojeni hurudishwa kutoka kwenye jani kwenda kwenye matawi na mizizi. Umanjano unaoonekana ndipo hujitokeza, ingawa ulikuwamo ndani ya jani muda wote, umefunikwa na kijani. Wekundu una asili nyingine, kwani katika miti mingi hutengenezwa upya wakati huohuo. Mwishowe tabaka jembamba la seli hujengeka mahali kikonyo kinaposhikana na tawi, na upepo mdogo humalizia kazi. Watoto huona kwamba miti ya mepo, ambayo ni jamii ya ule wenye jani katika bendera ya Kanada, imegeuka manjano, huku ile ya jamii ya msonobari iliyosimama kando yake ikibaki kijani, nao huulizwa sababu kabla ya kuambiwa. Kisha hupiga magoti na kufunua takataka za msituni tabaka kwa tabaka: juu jani zima, chini yake jani lililobaki mishipa mitupu kama wavu, chini zaidi nyuzi nyeupe za kuvu, na hatimaye mboji nyeusi.

Mtoni, vuli ndiyo msimu ambao samaki waitwao samoni, wa aina ya Chinook, hupanda kutoka baharini, wakiwemo wale wa mto Sandy ulio mashariki ya Portland, wakataga mayai katika changarawe na kufa. Mizoga yao huliwa na ndege, wanyama na wadudu, na naitrojeni waliyokuja nayo kutoka baharini hufika hadi kwenye miti ya ukingoni. Mtoto aliyefukua mboji asubuhi huweza, jioni, kuunganisha mambo hayo mawili mwenyewe.

Miongoni mwa wazazi wanaopokea fomu za safari hii zimo familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko kutoka Kongo, na kwa mzazi aliyewahi kuishi porini kwa kulazimika, kumruhusu mwanawe alale msituni si jambo dogo. Mzazi ana haki ya kuuliza nani atalala na watoto, chakula ni cha namna gani, dawa zitatunzwa na nani, na pia ana haki ya kukataa. Akikubali, atakachoombwa kukifungasha zaidi ni nguo za kujikinga na mvua, kwa kuwa mvua haiahirishi somo. Kambi nyingi huwa na makoti na mabuti ya kuazima kwa asiyekuwa nayo.