Je, wajua kwa nini njia fupi kuliko zote inaweza kuongeza gharama ya usafirishaji?

Chukua maghala mawili na vituo viwili vya kupokelea mizigo. Ghala la kwanza lina shehena 10, kila moja ya kujaza lori zima, na ghala la pili nalo lina 10. Kituo cha Kaskazini kinataka shehena 10, cha Kusini kinataka 10. Kutoka ghala la kwanza lori hufika Kaskazini kwa saa 2 na Kusini kwa saa 3. Kutoka ghala la pili hufika Kaskazini kwa saa 4, lakini Kusini ni mwendo wa saa 9. Malori yote 20 yapangwe vipi ili jumla ya saa za barabarani iwe ndogo iwezekanavyo?

Wengi tutaikimbilia ile njia ya saa 2. Shehena zote za ghala la kwanza ziende Kaskazini: saa 20. Kaskazini kumeshajaa, kwa hiyo ghala la pili halina budi kupeleka mzigo wake wote Kusini: saa 90. Jumla ni saa 110. Sasa geuza mpango. Ghala la kwanza lipeleke Kusini, saa 30, na la pili lipeleke Kaskazini, saa 40. Jumla ni saa 70. Njia fupi kuliko zote haikupitwa na lori hata moja, na papo hapo tumeokoa saa 40.

Siri yake inaonekana ukihamisha lori moja moja. Anza na ule mpango wa saa 110. Toa lori moja la ghala la kwanza Kaskazini ulipeleke Kusini: umepoteza saa 1, kwani saa 2 zimekuwa 3. Lakini sasa Kaskazini pana nafasi moja wazi, na Kusini pamezidi shehena moja. Lori moja la ghala la pili linaacha kwenda Kusini, linakwenda Kaskazini: saa 9 zimekuwa 4, umepata saa 5. Ukitoa hasara ya saa 1, kila badilishano linaokoa saa 4. Rudia mara 10, utafika saa 70.

Kumbe gharama ya njia ile haikuwa saa 2 peke yake. Kila lori lililoipita lilikalia nafasi ya Kaskazini na kulisukuma lori jingine kwenye safari ya saa 9. Jambo hili ndilo linalowaponza wapangaji wengi hodari: kila uamuzi ukiutazama peke yake unaonekana wa busara, lakini maamuzi yenyewe yanagombania nafasi zilezile, malori yaleyale na saa zilezile.

Kwa maghala mawili, mtu anaweza kujaribu mipango yote. Idadi ikipanda kidogo tu, njia hiyo inafungika. George Dantzig, mwanahisabati wa Marekani, alipenda kutoa mfano wa watu 70 wanaogawiwa kazi 70, kila mtu kazi moja. Namna za kuwagawia ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 101. Hakuna kompyuta itakayozipitia zote, iwe ya leo au ya miaka elfu ijayo. Hata hivyo mgao ulio bora hupatikana kwa muda mfupi sana kwenye kompyuta ya kawaida. Hapo ndipo hisabati inapofanya kazi ambayo nguvu ya mashine pekee isingeiweza.

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1781 Mfaransa Gaspard Monge aliandika kuhusu kuhamisha udongo kutoka unakochimbwa hadi unakojazwa kwa jasho dogo kabisa. Mwaka 1930, katika Umoja wa Kisovieti, A. N. Tolstoi alichapisha kazi kuhusu kupunguza mwendo wa mizigo kwenye reli, na ndani yake mna wazo lilelile la mizunguko ya kubadilishana tulilolitumia kwenye malori yetu. Mmarekani Frank Hitchcock aliliandika tatizo la usafirishaji kwa umbo lake la kihisabati mwaka 1941. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tjalling Koopmans, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa Washington akishughulikia meli za mizigo za nchi washirika, ambako kila meli iliyorudi tupu ilikuwa hasara. Watu hawa walifanya kazi mbalimbali bila kusomana, na wakagusa kitu kimoja.

Aliyeona mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad katika Umoja huohuo wa Kisovieti. Kiwanda cha mbao za plaiwudi kilimletea swali: kina mashine za aina mbalimbali na magogo ya aina mbalimbali, na kila mashine ina kasi yake kwa kila aina ya gogo. Kazi igawanywe vipi ili mazao yawe mengi? Kantorovich, ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha miaka 30, aligundua kwamba swali hilo ni ndugu wa maswali mengine mengi: kugawa mashamba kwa mazao, kukata malighafi bila mabaki mengi, kupanga safari za mizigo. Mwaka 1939 alichapisha kijitabu kuhusu mbinu za kihisabati za kupanga uzalishaji.

Tuingie kiwandani basi, kwenye karakana ndogo ya samani. Karakana inatengeneza meza na viti. Meza moja inataka saa 3 za kukata na kuunga mbao, na saa 2 za kupiga msasa na vanishi. Kiti kinataka saa 1 ya kukata na saa 2 za vanishi. Kwa wiki kuna saa 60 za kukata na saa 60 za vanishi. Meza ina faida ya 40, kiti 30. Utengeneze vingapi?

Meza ina faida kubwa, kwa hiyo mtu atasema tutengeneze meza tupu. Saa za kukata zitaisha kwenye meza ya 20, faida 800, huku saa 20 za vanishi zikilala bure. Mwingine atasema viti tupu: viti 30, faida 900, na nusu ya saa za kukata hazina kazi. Meza 15 na viti 15 zinamaliza saa zote za pande mbili, na faida inafika 1,050. Hakuna mchanganyiko unaoipita hiyo.

Ukichora jambo hili kwenye grafu, meza upande mmoja na viti upande mwingine, kila sharti linakuwa mstari ulionyooka, na mipango yote inayowezekana inabaki ndani ya umbo lenye pembe nne: usitengeneze chochote, meza 20, viti 30, au 15 kwa 15. Faida nayo ni mstari ulionyooka. Usukume mstari huo kuelekea faida kubwa zaidi bila kuutoa nje ya umbo, na mahali pa mwisho utakapogusa lazima pawe na pembe. Kwa hiyo mipango isiyo na idadi iliyomo katikati ya umbo haina haja ya kuchunguzwa. Pembe zinatosha.

Dantzig aliligeuza wazo hilo kuwa mbinu ya kazi mwaka 1947, alipokuwa akiwasaidia wapangaji wa jeshi la anga la Marekani. Mbinu yake, iitwayo simpleksi, inaanza kwenye pembe moja, inatazama kingo zinazotoka hapo, inafuata ukingo unaoongeza faida hadi pembe inayofuata, kisha inauliza tena. Kwenye karakana yetu inaweza kutoka sifuri hadi meza 20, kutoka hapo hadi 15 kwa 15, ikasimama. Inasimama kwa haki, kwa kuwa faida kwenye umbo la namna hii ni kama kilima chenye kilele kimoja: ukifika mahali ambapo kila upande unashuka, hakuna kilele kingine kirefu zaidi kilichojificha pembeni.

Jaribio la kwanza kubwa la mbinu hiyo lilihusu chakula. George Stigler, mwanauchumi, alikuwa ametafuta mlo wa bei ya chini kabisa utakaotosheleza mahitaji 9 ya lishe kutoka vyakula 77, na mwaka 1945 akatoa jibu la dola 39.93 kwa mwaka. Alifika hapo kwa kukisia kwa makini, na hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba hakuna mlo wa bei ndogo zaidi. Mwaka 1947 makarani 9 waliketi na mashine za kukokotoa za mezani, wakafanya kazi inayolingana na siku 120 za mtu mmoja. Simpleksi ikatoa dola 39.69. Tofauti ni senti 24 tu. Stigler alikuwa amekaribia sana, lakini safari hii jibu lilikuja na uthibitisho.

Je, simpleksi haiwezi kupotea kwenye pembe nyingi mno? Inaweza. Mwaka 1972 Victor Klee na George Minty walitunga mifano inayoilazimisha kupita kila pembe. Baadaye zilikuja njia zenye dhamana bora, ya Leonid Khachiyan mwaka 1979 na ya Narendra Karmarkar mwaka 1984, ambayo hukata katikati ya umbo badala ya kutembea kwenye kingo. Lakini katika matatizo ya kila siku simpleksi huenda kasi, na bado inatumika.

Jibu la hesabu hizi lina sehemu ya pili ambayo wengi huipita haraka, nami naiona tamu kuliko ile ya kwanza. Rudi karakanani. Ongeza saa 4 za vanishi, ziwe 64. Mpango bora sasa ni meza 14 na viti 18, faida 1,100. Saa 4 zimeleta 50, yaani kila saa ya vanishi ina thamani ya 12.5. Badala yake ongeza saa 4 za kukata: meza 17 na viti 13, faida 1,070. Kila saa ya kukata ina thamani ya 5 tu. Mwenye karakana anayetaka kuajiri fundi mmoja zaidi ameshapata jibu la amweke wapi, na ni malipo kiasi gani kwa saa yasiyomletea hasara.

Thamani hizi huitwa bei kivuli, na zinaoana na mpango kwa namna ya ajabu. Meza inakula saa 3 za 5 na saa 2 za 12.5: jumla 40, sawasawa na faida yake. Kiti kinakula 5 na 25: jumla 30, sawasawa. Zidisha saa zote 60 za kukata kwa 5 na saa zote 60 za vanishi kwa 12.5, utapata 1,050, faida yote ya wiki bila kupungua wala kuzidi. Huo ndio uthibitisho kwamba hakuna mpango bora zaidi: kila bidhaa inakula saa zenye thamani isiyopungua faida yake, na thamani ya saa zote ni 1,050. Faida itoke wapi ya kupita hapo?

Kantorovich alizijua thamani hizi tangu 1939, na ndizo zilizomletea shida. Kusema kwamba saa ya mashine au kipande cha ardhi kina bei yake, inayotokana na uhaba wake, kuliwakwaza walioshikilia kwamba thamani yote hutokana na kazi ya mtu. Kitabu chake kikubwa juu ya matumizi bora ya rasilimali alikimaliza mwaka 1942, kikachapishwa 1959. Mwaka 1975 yeye na Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Dantzig aliachwa, na kwangu mimi hilo bado ni pengo.

Kuna ugumu mmoja ambao mistari haiumalizi. Ukiongeza saa 2 tu za vanishi, jibu linakuwa meza 14.5, na nusu meza hainunuliki. Kwenye tatizo la usafirishaji tuliloanza nalo shida hii haipo: mizigo ikiwa namba kamili, pembe zote ni namba kamili. Lakini ukiuliza ghala lifunguliwe au lisifunguliwe, hakuna nusu ya kufungua, na kukadiria kwa namba iliyo karibu kunaweza kukupa mpango mbovu au usiowezekana. Ailsa Land na Alison Doig walionyesha mwaka 1960 namna ya kuligawa tatizo kama hilo katika matawi, "limefunguliwa" huku na "limefungwa" kule, na kutupa matawi mazima pale hesabu ya mistari inapoonyesha kwamba hayawezi kuleta kitu bora. Matatizo mengi makubwa ya ratiba na maghala hutatuliwa kwa wazo hilo hadi leo.

Mashine, lakini, inaona kile tu kilichoandikwa. Usipoandika kwamba dereva lazima apumzike, mpango utamwendesha usiku kucha, kwa kuwa kwenye hesabu usingizi wake hauna gharama yoyote. Liandike sharti hilo. Jumla ya gharama huenda ikapanda, na bei kivuli ya sharti hilo itakuonyesha kila saa ya ziada ya mapumziko inaongeza kiasi gani.