Wafuasi wengi si wateja wengi

Wafanyabiashara wengi wa Mwanza huamini kwamba ukurasa wa mtandao wa kijamii wenye maelfu ya wafuasi ni sawa na duka lenye maelfu ya wateja, na baadhi yao hufikia hatua ya kununua wafuasi. Imani hiyo si sahihi. Mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga machapisho kwa kufuata muda, ikaanza kuyapanga kwa kukisia yatakayomvutia kila mtumiaji. Kwa hiyo wafuasi wa kununuliwa, ambao hawasomi wala hawaulizi, huufanya ukurasa uonekane hauna mvuto.

Muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, anayeandika bei ya kilo kwa siku hiyo, akaonyesha kwa picha ya karibu kwamba dagaa wake wamekaushwa juu ya chanja wala si mchangani, na akataja mzigo utafika lini Dodoma, huwa amemjibu mteja kabla hajauliza. Anayeandika “bei njoo inbox” humchosha mteja huyo, na kwa maoni yangu humfukuza. Hata status ya WhatsApp, ingawa hudumu saa 24 tu, huwafikia watu waliohifadhiana namba na muuzaji, na wengi wao walishanunua kwake.