Transista zinapungua ukubwa, silikoni ipo palepale

Dhana: Silikoni imeshapitwa, chipu mpya zinatengenezwa kwa kitu kingine.

Prosesa ya simu unayotumia leo bado imejengwa juu ya silikoni. Kilichobadilika ni vile vinavyoizunguka, hasa kihami, yaani tabaka lisilopitisha umeme, kinachotenganisha lango la transista (sehemu inayoiwasha na kuizima swichi hiyo ndogo ya umeme) na silikoni iliyo chini yake. Kwa miongo kadhaa kihami hicho kilikuwa oksidi ya silikoni. Kila transista ilipopunguzwa ukubwa, nacho kilipunguzwa, hadi kikabaki na unene wa nanomita 1.2 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), sawa na atomu tano. Kikiwa chembamba kiasi hicho, elektroni hukipenya: umeme unavuja, chipu inachemka na betri inaisha bila kazi yoyote kufanyika.

Mwaka 2007 kampuni ya chipu ya Intel ilianza kutumia kihami chenye metali ya hafniamu kwenye chipu za kizazi cha nanomita 45. Oksidi ya hafniamu ina kipimo cha k (jinsi kihami kinavyopitisha nguvu ya lango bila kupitisha umeme) cha takriban 20, wakati oksidi ya silikoni ina 3.9. Kwa hiyo tabaka linaweza kuwa nene mara kadhaa na lango bado likaidhibiti transista vilevile. Ndiyo, transista ilizidi kupungua kwa kunenepeshwa kihami chake. Ila hafniamu haikupatana na lango lililokuwa la polisilikoni (silikoni ya fuwele nyingi ndogo): volti ya kuwashia ilipanda na elektroni zikapunguza kasi. Ikabidi lango nalo liwe la metali.

Dhana: "Nanomita 3" inayotajwa kwenye chipu ni ukubwa wa transista.

Ni jina la kizazi, la kibiashara zaidi. Kutoka lango moja hadi jingine bado kuna nanomita zipatazo 45 hadi 50.

Dhana: Shaba inapitisha umeme vizuri, basi suala la nyaya za ndani ya chipu limekwisha.

Shaba ilichukua nafasi ya alumini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa waya mpana haina mpinzani wa bei yake. Tatizo ni kwamba hupenya kwenye kihami na kuiharibu silikoni, hivyo lazima izungushiwe ukuta wa tantalamu na nitridi yake. Ukuta wa nanomita 2 kila upande, kwenye waya wa nanomita 15, unakula zaidi ya robo ya upana. Kwa nyaya nyembamba kabisa ndipo metali za kobalti na rutheniamu huingia, kwa kuwa zinaridhika na ukuta mwembamba zaidi.

Tantalamu hiyo ndiyo metali inayotoka kwenye madini ya koltani ya Kongo na Rwanda, lakini chipu yenyewe hubeba kiasi kidogo mno. Nyingi zaidi huishia kwenye kapasita, vijenzi vidogo vya kuhifadhi chaji vilivyo pembeni yake.

Dhana: Grafini itachukua nafasi ya silikoni karibuni.

Elektroni hukimbia sana ndani ya grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ila haina pengo la nishati (kizingiti kinachowezesha umeme kusimamishwa), kwa hiyo transista yake haizimiki sawasawa. Molibdeni disalfaidi, yenye unene wa atomu tatu, huzimika vizuri. Kinachokwamisha ni kuiunganisha na nyaya za metali bila ukinzani mkubwa, na kuiotesha bila kasoro kwenye sahani nzima ya milimita 300 ambayo hukatwa kuwa chipu.