Povu la kifafa haliambukizi, jamani

Wiki hii tena. Baba mmoja kaja kliniki na binti yake kutoka Sengerema, mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Binti alianguka karibu na mafiga, shangazi zake wawili wakiwa hapo hapo jikoni. Hakuna aliyemgusa. "Povu lilishaanza kutoka, dokta." Nikaweka kalamu chini.

Imani hii, kwamba povu linaambukiza, ndiyo inayonichosha kuliko zote. Wengine huongeza kuwa mgonjwa akijamba wakati anatupatupa miguu, waliosimama karibu wameshaupata. Kifafa hakiruki kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ni umeme wa ubongo unaokwenda mrama: seli nyingi zinafyatuka kwa mpigo, na mwili unafuata. Povu ni mate tu. Mgonjwa hamezi, anakoroma, mate yanachanganyika na hewa. Likiwa jekundu, kajing'ata ulimi. Nimeyafuta mate hayo mara nyingi kupita kuhesabu, na sijaanguka hata siku moja.

Halafu hao hao walioogopa kumvuta motoni ndio wanaosema aliyeungua hatibiki tena, na dawa zinaachwa. Kovu la mkononi linaizuiaje fenobabito, dawa ya kifafa, kufika kichwani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Wakitibiwa, si wakikimbiwa.

Kwa hiyo akianguka, sogeza mafiga au msogeze yeye, mlaze ubavu, tazama saa. Dakika 5 zikipita bado anatetemeka, tafuta usafiri. Kijiko mdomoni hapana. Ulimi haumezwi, meno ndiyo yanayovunjika. Kiatu puani pia hapana. Akiangukia ziwani, shikilia kichwa kiwe juu ya maji, mtoe, kisha hospitali hata kama ameshaamka.

Na ninyi mnaovua dagaa usiku, nitasema hadi mnichoke: kukesha kwenyewe kunachokoza kifafa, na mnakesha juu ya maji! Mwenye kifafa akauze samaki sokoni Mwaloni mchana. Akilazimika kupanda mtumbwi, jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

"Mimi sili kitimoto, kifafa cha tegu hakinihusu." Kinakuhusu. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi chake, na ni mayai hayo, yakiingia kinywani mwa mtu yeyote kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, yanayoweza kwenda kuweka vifuko kwenye ubongo. Choo na sabuni, ndugu yangu.

Degedege nalo, mnasema mtoto akichomwa sindano atakufa: sindano haiui mtoto. Malaria kali iliyocheleweshwa kwa kufukiza mavi ya tembo ndiyo inayoua, au inaacha kovu kwenye ubongo linaloweza kuzaa kifafa. Degedege la homa ya kawaida, watoto wengi hulivuka salama.

Na kutoanguka miezi mitatu si kupona. Kuacha vidonge ghafla kunaweza kukuletea mishtuko mfululizo isiyokatika.

Binti kaondoka na dawa za mwezi na daftari la kuandika kila anapoanguka. Baba nimemwambia kliniki ijayo aje na shangazi wote wawili. Nina maneno nao.