Kifua kimebonyea upande mmoja, vidole vimeungana: maswali kuhusu sindromu ya Poland

Mwanangu wa kiume ana miezi minne. Nikimwogesha naona kifua cha kulia kimebonyea, chuchu ya upande huo ni ndogo, na vidole vya mkono huohuo ni vifupi na vimeshikana. Ni nini? (Mama, Majengo, Moshi)

Huenda ni sindromu ya Poland. Mtoto huzaliwa bila sehemu ya msuli mkubwa wa kifua, hasa ile inayojishika kwenye mfupa wa katikati, na mara nyingi msuli mdogo ulio chini yake nao haupo. Karibu kila mara ni upande mmoja tu, zaidi wa kulia, na wavulana huipata zaidi kuliko wasichana.

Mnyanyue mkono taratibu, umtazame mbele ya kwapa. Upande mzima una ukingo wa nyama unaotoka kifuani kwenda begani. Upande wenye hali hii ukingo huo haupo, au umebaki utepe mwembamba wa ngozi. Hicho si kipimo cha kumaliza kazi, lakini ndicho daktari atakachoanza kukiangalia.

Jina linatokana na Alfred Poland, aliyeieleza mwaka 1841 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London. Idadi inayotajwa mara nyingi ni mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 30,000. Wako ambao kwao ni kidogo mno, mkono hauna kasoro yoyote, na kijana hujigundua siku anapovua shati kucheza mpira.

Mama mkwe anasema nilibeba ndoo za maji nikiwa mjamzito, na jirani anasema nimetupiwa kitu.

Si ndoo, wala hujatupiwa kitu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba karibu wiki ya 6 ya kuumbika kwa mtoto, damu inayopita kwenye mshipa ulio chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, ilipungua kwa muda, na nyama za kifua na mkono wa upande huo zikakosa kujijenga sawasawa. Wiki hizo wanawake wengi ndiyo kwanza wanajishuku kuwa wajawazito. Mama mkwe aelezwe hivyo kwa heshima, na baba mtoto awepo, kwa sababu lawama za namna hii huwa zinamwangukia mwanamke akiwa peke yake. Familia zenye watu wawili wenye hali hii zipo ila ni chache sana. Usiogope kubeba mimba nyingine kwa sababu hii.

Tuanzie wapi, na kuna haraka?

Anzia kliniki anakopimwa uzito, uombe rufaa. Walioko Arusha kwa kawaida hupitia hospitali ya Mount Meru, wa Moshi hupitia hospitali ya Mawenzi, kisha KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda. Atapigwa picha ya kifua kuangalia mbavu, maana wengine hukosa vipande vya mbavu au gegedu zake. Kama upande wenye tatizo ni wa kushoto, ulizia kipimo cha moyo, kwa kuwa wachache moyo wao hukaa upande wa kulia. Huenda na figo zikaangaliwa.

Haraka ipo endapo anahema mbio, midomo inageuka rangi ya bluu, au ananyonya kidogo anachoka. Hapo usingoje siku ya kliniki.

Vidole vitenganishwe lini? Bibi yake anasema vifungwe uzi, kama tunavyofanya kidole cha sita.

Uzi hapana, wembe hapana kabisa. Ndani ya ngozi hiyo hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na pengine hata mifupa imeshikana. Hata kidole cha sita si vizuri kukifungia uzi nyumbani, ila hilo tuliache.

Mkono ndio usioweza kusubiri sana. Upasuaji hufanyika mara nyingi kati ya mwaka mmoja na miwili. Vikiwa vimeungana vidole visivyolingana urefu, kwa mfano gumba na cha shahada, daktari anaweza kutaka mapema zaidi, kwa sababu kile kirefu kitavutwa na kupinda kadiri kinavyokua. Ngozi hukatwa kwa mistari ya pembepembe, kwani kovu lililonyooka hujikunja na kuvuta kidole. Halafu ngozi iliyopo huwa haitoshi kuzunguka vidole viwili, hivyo kiraka huchukuliwa kwingine, mara nyingi kwenye kinena. Kidole hakifunguliwi pande zote mbili siku moja, kisije kikakosa damu. Kwa hiyo ukiambiwa urudi kwa awamu ya pili, usidhani ya kwanza imeharibika.

Vidole vitatengana, lakini vifupi vitabaki vifupi. Afadhali mzazi alijue hilo kabla ya kusaini fomu. Baada ya hapo ni mazoezi: kushika kijiko, kufunga vifungo, kumenya ndizi. Akijichagulia mkono mwingine wa kuandikia, mwalimu asimlazimishe.

Na kifua?

Kifua kinaweza kungoja, isipokuwa mbavu zikiwa na kasoro kubwa. Misuli mingine ya bega na mgongo humsaidia. Wengi wanalima na kubeba mizigo bila shida.

Shikamoo. Nina miaka 15, nasoma bweni Arusha. Titi moja halijaota na kwapa hilo halina nywele. Naoga usiku wenzangu wakiwa wamelala. Nitaweza kunyonyesha?

Marahaba, binti. Utaweza: titi moja zima linatosha kumlisha mtoto. Upasuaji wa kusawazisha kifua upo, ama kwa msuli unaohamishwa kutoka mgongoni, ama mafuta ya mwili wako, ama kifaa kinachowekwa ndani. Mara nyingi husubiriwa mpaka titi la pili limalize kukua, la sivyo yatapishana tena. Kwa sasa, fundi mzuri wa cherehani anaweza kushonea pedi ndani ya sidiria, upande mmoja tu. Mwambie matroni au shangazi akupeleke hospitali wakati wa likizo, na una haki ya kuomba daktari wa kike akupime.