Mkopo wa simu na mteja aliyebanwa

Kila shule zinapofunguliwa, dawati letu la ushauri kwa wanunuzi hupokea malalamiko yanayofanana. Mzazi alikopa kwa simu usiku, akalipa karo asubuhi. Wiki tatu baadaye bosi wake, shemeji yake na mwenyekiti wa chama chake wakapigiwa simu na mkopeshaji na kuambiwa kwamba mzazi huyo ni tapeli. Malalamiko haya yanaongezeka, na mengi yanatufikia wakati mlalamikaji ameshafuta kila kitu kwenye simu. Kwa hiyo tunatoa maelezo haya. Ni elimu kwa umma, hayachukui nafasi ya wakili, wala hatutataja kampuni yoyote iliyolalamikiwa mbele yetu.

Fani yangu ni masoko, na utafiti wangu unahusu wanunuzi wanyonge. Swali la nani asiwindwe na matangazo lilipamba moto Marekani mwaka 1990, kampuni ya R.J. Reynolds ilipotaka kujaribu sokoni Philadelphia sigara iitwayo Uptown, iliyokusudiwa Wamarekani weusi. Wakazi walipinga, Waziri wa Afya Louis Sullivan akaikemea hadharani, na sigara hiyo ikaondolewa kabla ya kufika dukani. Mwaka 1997 N. Craig Smith na Elizabeth Cooper-Martin walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanapohukumu biashara ya namna hiyo hutazama mambo mawili: bidhaa inadhuru kiasi gani, na anayelengwa ni mnyonge kiasi gani.

Watafiti waliofuata waliongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Unyonge ni hali. Mtu huingia, mtu hutoka. Mama mboga anayejua faida ya kila fungu la sukuma hadi shilingi ya mwisho si mnyonge saa nne asubuhi akiwa kibandani. Saa tano usiku, mtoto akiwa na homa na salio likiwa sufuri, ni mnyonge, kama ambavyo ningekuwa mimi. Na mkopeshaji wa simu anaijua saa hiyo. Programu nyingi za mikopo hupima wateja kwa kusoma jumbe zao za M-Pesa, kwa hiyo zinaona pesa zinapoingia na zinapokatika. Anayeweza kuona kwamba umebanwa ana wajibu ambao muuza nyanya hana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kampuni nyingi zinazotualika kwenye hafla zao. Kupanda miti, kugawa madawati na kununulia timu jezi ni mambo mema, na tunashukuru. Lakini uwajibikaji wa kampuni kwa jamii huanzia kwenye bidhaa yenyewe: bei inasomeka au imefichwa, siku ya kulipa inaendana na mapato ya mkopaji au la, na anayechelewa anatendewaje.

Chukua mfano wa hesabu. Unaomba 2,000, ada ya 300 inakatwa mbele, unapokea 1,700, na baada ya siku 14 unadaiwa 2,000. Wengi hutuambia riba ni asilimia 15. Sivyo. Umetumia 1,700, umelipia 300, hivyo ni karibu asilimia 18, tena kwa wiki mbili tu. Ukirudia mwaka mzima, mara 26, umelipa 7,800 kwa kutumia 1,700 zile zile.

Sasa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya Kenya yalianza kutumika Desemba 2021, na Kanuni za Watoaji Mikopo ya Kidijitali zikatoka Machi 2022. Chini ya marekebisho hayo, kukopesha kidijitali bila leseni ni kosa la faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kanuni zinamkataza mkopeshaji kutisha, kutukana, kumwaibisha mdaiwa hadharani, au kuchukua namba zilizo kwenye simu yake na kuwapigia watu wasio wadhamini. Haruhusiwi kupeleka jina lako CRB, yaani shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji, kwa deni lisilozidi shilingi 1,000, na kwa deni kubwa zaidi lazima akupe notisi kwanza.

Leseni haikisiwi. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Itafute hapo kwa jina la kampuni, kwa sababu jina la programu huwa tofauti. Tangu 2023 Google imezitaka programu za mikopo nchini Kenya zionyeshe leseni, lakini programu uliyotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp haikupitia huko. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu wanatuambia, "Niliona ina nyota nyingi." Nyota hazitolewi na Benki Kuu.

Pia tuelewane: kufuta programu hakufuti deni. Wala ukorofi wa mkopeshaji haukuondolei deni. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake.

Njia ya malalamiko ya data, yaani namba na taarifa zako kutumiwa vibaya, ni hii. Mwandikie kwanza mkopeshaji mwenyewe na uhifadhi ulichoandika. Piga picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na saa, na usifute jumbe hata kama zinauma. Kisha nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko hupokelewa kwa maandishi au kwa mdomo. Ukieleza kwa mdomo, ofisi ndiyo inayoandika. Anayelalamikiwa hupewa siku 21 kujibu, na Kamishna anatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Siku 90, si siku tatu. Tafadhali msitupigie Ijumaa kuuliza lililowasilishwa Jumatano. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Septemba 2023, Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatisha na kuwasumbua.

Na yule shemeji aliyepigiwa simu akiwa kazini, ambaye hakukopa chochote wala hakuombwa idhini, namba iliyotumika ni yake. Anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, hata kama mkopaji anaona aibu kufanya hivyo. Wachache sana wanalijua hili. Mwambieni aje.