Je, Wajua Kwa Nini Fulana Kuukuu Haigeuki Kuwa Fulana Mpya?

Maduka mengi makubwa ya nguo siku hizi yana sanduku mlangoni. Unaambiwa ulete nguo zako za zamani, uzitumbukize humo, nazo zitazaliwa upya. Watu wanazileta kwa moyo safi, kisha wanaingia ndani kununua nyingine. Lakini ukichukua malighafi yote inayotumika kutengeneza nguo duniani, ile inayorudi kuwa nguo tena haifiki asilimia 1. Ndivyo ilivyobainishwa mwaka 2017 katika ripoti ya Wakfu wa Ellen MacArthur wa Uingereza. Kopo la alumini huyeyushwa likawa kopo tena, na chupa ya kioo vivyo hivyo. Nguo ina nini hata ishindikane?

Jibu limo ndani ya nguo yenyewe. Chukua suruali moja ya jinzi ya kisasa, ile inayovutika, uigeuze usome lebo. Mara nyingi utakuta pamba, poliesta, na asilimia mbili tatu za elastani. Nyuzinyuzi za aina tatu zisizo na undugu zimesokotwa na kufumwa pamoja. Pamba ni mmea: ukiipasha moto haiyeyuki, inaungua. Poliesta ni plastiki, tena ni ileile ya chupa za maji ya kunywa, nayo huyeyuka joto likikaribia nyuzi 260. Kuzitenga zikishakuwa kitambaa kimoja ni kama kuchambua chumvi na sukari zilizokwisha kuchanganywa.

Elastani nayo, iliyobuniwa mwaka 1958 katika kampuni ya DuPont ya Marekani, ndiyo inayoifanya suruali ivutike. Ni kidogo sana ndani ya kitambaa, lakini usumbufu wake ni mkubwa. Mashine ya kuchambulia nguo ina ngoma zenye meno ya chuma yanayozunguka kwa kasi na kukirarua kitambaa mpaka kirudi kuwa nyuzinyuzi. Pamba hukatika. Elastani huvutika, hujiviringisha kwenye meno, na joto la msuguano likizidi hulainika na kunata. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vya kuchambua havitaki hata kuisikia.

Bado hatujagusa zipu, vifungo, vile vichuma vya mifukoni, na kile kipande cha ngozi kiunoni. Vyote lazima vikatwe kwanza. Hata shati lenye lebo ya "pamba asilimia 100" halijasalimika: lebo inasema kweli kuhusu kitambaa, lakini uzi ulioshonea mara nyingi ni poliesta, kwa kuwa ni imara na ni wa bei nafuu. Kuna mitambo inayotambua aina ya kitambaa kwa kukimulika mwanga usioonekana kwa macho, ila husoma tabaka la juu tu. Koti lenye bitana huipotosha kirahisi. Kwa hiyo kutenga nguo kwa aina ya kitambaa, kwa sehemu kubwa, kungali kazi ya mikono: mtu amesimama mbele ya lundo, anashika nguo moja baada ya nyingine.

Sasa tuseme tumepata fulana ya pamba tupu, bila kasoro yoyote. Hata hapo kuna mtego. Nyuzinyuzi za pamba nzuri zina urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi, na urefu huo ndio nguvu ya uzi. Uzi haushikwi na gundi. Unashika kwa sababu nyuzinyuzi ndefu zimesokotwa zikabanana. Meno ya ile ngoma yakishapita, nyuzinyuzi hubaki fupi fupi, na uzi wake hukatika ovyo. Ili upate kitambaa cha kuvalika, inabidi uchanganye na pamba mpya, mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko ile ya zamani. Zilizo fupi kupita kiasi huwa vijazio vya magodoro, vya viti vya magari, au vya kuta za nyumba zizuie joto na kelele. Si haba, lakini fulana imekwisha, na shamba litalimwa tena kutoa pamba ya fulana inayofuata.

Kazi ya kuchambua nguo si ngeni. Mwaka 1813 Benjamin Law wa Batley, Uingereza, alifanikiwa kurarua matambara ya sufu na kuyasokota upya akichanganya na sufu mpya, na mji mzima ukaishi kwa biashara hiyo. Prato nchini Italia wanaendelea na kazi ya namna hiyo hadi leo. Waliweza kwa sababu nguo ya sufu ya zamani ilikuwa sufu kweli, na ilikuwa na thamani ya kutosha kumlipa mchambuaji. Nguo za leo za mitindo ya haraka, zinazotoka kiwandani kwa bei ya chini na kuachwa baada ya kuvaliwa mara chache, zimekosa sifa zote mbili.

Huenda umewahi kuona nguo dukani yenye kibandiko kinachosema imetengenezwa kwa poliesta iliyorejelezwa. Kibandiko hakidanganyi, lakini kinaficha jambo. Karibu poliesta yote ya aina hiyo inatokana na chupa za plastiki, wala si nguo kuukuu. Chupa ingeweza kuwa chupa tena, na tena. Ikishageuzwa kuwa fulana, ikatiwa rangi na kuchanganywa na pamba, safari yake inaishia hapo, kwa sababu zilezile tulizozitaja. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa kuwa mnunuzi mwenye nia njema anaamini amepunguza lundo la nguo, kumbe lundo lile halikuguswa hata kidogo.

Njia nyingine ni kemia. Pamba ni selulosi, yaani ile maada inayojenga mimea, na selulosi inaweza kuvurugwa hadi ikawa rojo, rojo ikakaushwa kuwa karatasi nene, na kutokana nayo zikavutwa nyuzinyuzi mpya ndefu kadiri unavyotaka. Kampuni ya Renewcell ilifungua kiwanda cha kazi hiyo mjini Sundsvall, Sweden, mwaka 2022. Mashine zilifanya kazi. Wateja ndio waliokosekana: oda hazikutosha, na Februari 2024 kampuni ikafilisika. Baadaye ilipata wamiliki wapya na jina jipya, Circulose. Tatizo la bei halikuondoka, kwani poliesta mpya inayotokana na mafuta ya petroli ni rahisi mno kiasi kwamba malighafi iliyotoka kwenye nguo kuukuu inashindwa kushindana nayo.

Kushindwa huku kuna gharama, nayo huanzia shambani. Kadirio linalotumika sana ni kwamba fulana moja ya pamba hula lita 2,700 za maji, kuanzia kilimo hadi kiwandani. Nani hulipa? Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa miongoni mwa maziwa manne makubwa kuliko yote duniani hadi mwaka 1960. Serikali ya Kisovieti ilipogeuza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya ili kumwagilia mashamba, hasa ya pamba, ziwa lilikauka mpaka kufikia mwaka 2007 likabaki takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Samaki walikufa, na vumbi lenye chumvi na sumu za mashambani likawa linapeperushwa hadi vijijini.

Poliesta haihitaji maji mengi namna hiyo, lakini inatokana na mafuta, na humwaga plastiki kila inapofuliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walikadiria mwaka 2016 kwamba mzigo wa kilo 6 wa nguo za akriliki, ambayo ni ndugu wa poliesta katika plastiki, unaweza kuachia nyuzinyuzi zaidi ya 700,000 katika mfuo mmoja wa mashine. Nyingi ni ndogo mno kuonekana kwa macho.

Nazo nguo zinazidi kumiminika. Ripoti ile ya 2017 inaonyesha kwamba utengenezaji ulikaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka kumi na mitano, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ikishuka kwa asilimia 36. Mwaka 2023 dunia ilizalisha takriban tani milioni 124 za nyuzinyuzi za kila aina, na zaidi ya nusu ni poliesta. Nguo zikikosa pa kwenda huchomwa au huishia jalalani, ambako pamba ikioza bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, na poliesta hukaa miaka na miaka. Katika jangwa la Atacama, karibu na Alto Hospicio nchini Chile, zinaonekana waziwazi: zilizoingia kupitia bandari huria ya Iquique na kukosa mnunuzi zimerundikwa mchangani. Baadhi zina lebo zake za bei bado.

Wahandisi wanajua la kufanya. Nguo ikishonwa kwa malighafi moja tu, uzi pamoja na kitambaa, inachambulika vizuri zaidi. Upo hata uzi wa kushonea uliotengenezwa makusudi uyeyuke tanurini, ili zipu na vifungo vidondoke vyenyewe bila mtu kushika mkasi. Kinachokosekana ni sababu ya mtengenezaji kujisumbua, maana gharama ya taka humwangukia mwingine. Ufaransa iliweka msingi wa kisheria wa kuwatoza wauza nguo ada ya taka tangu mwaka 2007. Umoja wa Ulaya umezitaka nchi zake zote kuanza kukusanya nguo peke yake, mbali na takataka nyingine, kuanzia Januari 2025, na sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2025 inazipa miezi 30 kuweka utaratibu wa watengenezaji kulipia ukusanyaji, uchambuaji na urejelezaji. Ada hiyo inatakiwa iwe nafuu kwa nguo iliyobuniwa vizuri na kali kwa iliyobuniwa vibaya. Viwango vyenyewe bado vinapangwa, na vikiwekwa chini mno, mtengenezaji atalipa tu na kuendelea kuchanganya elastani kwenye jinzi.